Diski Isiyotaka Kulala: Kutafuta Kasoro za hd-idle kwenye Seva Ndogo

Huku Kisumu, seva nyingi ninazoziona hazikai kwenye chumba chenye kiyoyozi. Ziko chini ya meza ya studio ya picha Kondele, kwenye kabati la maabara ya shule upande wa Maseno, au juu ya rafu katika ofisi ya kanisa: kompyuta ndogo moja iliyochomekwa diski mbili za nje. Mchana inagawa video, picha za harusi na mitihani ya miaka iliyopita. Usiku hakuna anayeihitaji, lakini diski zinaendelea kuzunguka, na stima ikipotea zinazunguka kwa gharama ya betri.

Gharama hiyo inahesabika. Diski ya inchi 3.5 inayozunguka bila kazi hula takriban wati 5. Ikisimama hushuka chini ya wati 1. Diski mbili kwa saa kumi na mbili za giza ni kama wati-saa 120. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200, na ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu. Kwa hiyo katika zile 600 zilizo halali yako, sehemu ya tano imeteketea kuzungusha sahani za diski ambazo hakuna aliyezisoma. Nakuru kuna baridi ya kutosha, joto si hoja kubwa. Kando ya ziwa, ndani ya kabati lililofungwa, joto nalo linaingia kwenye hesabu.

Programu ya hd-idle iliandikwa kwa ajili ya hali hii. Ni huduma ndogo ya Linux inayokimbia chinichini, inaangalia kila diski, na diski ikikaa kimya kwa muda uliopangwa, inaiamuru isimame. Usipopanga muda wowote, hutumia sekunde 600. Kuiweka ni kazi ya dakika moja kwenye Debian, Ubuntu au Raspberry Pi OS. Kinachosumbua ni kuifanya ifanye kazi kweli, na watu wengi hukata tamaa hapo, wakaiondoa, wakaamini kwamba diski yao ni mbovu. Mara nyingi diski ni nzima. Kuna kitu kingine kinachoiamsha, au amri haifiki.

Ili uelewe dalili zote zinazofuata, shika jambo moja kuhusu inavyofanya kazi. hd-idle haizungumzi na diski kujua kama iko macho. Inasoma faili la kerneli (kiini cha Linux) liitwalo `/proc/diskstats`, ambamo kerneli huhesabu kila usomaji na kila uandishi wa kila diski. Hesabu isipobadilika, hd-idle inajumlisha muda wa ukimya. Muda ukitimia, inatuma amri ya kusimama na kujiwekea alama kwamba diski hiyo imelala. Ni kama bawabu aliyepewa daftari la lango: anajua waliopita langoni tu, na aliyeruka ua hamwoni.

## Maswali matatu kabla ya kubadilisha chochote

Je, hd-idle iliona ukimya? Je, ilituma amri? Je, diski ilitii? Yajibu kwa mpangilio huo, kwa sababu kila jibu la "hapana" lina dawa yake, na dawa ya swali la tatu haisaidii chochote ikiwa umekwama kwenye la kwanza. Nimeona watu wakinunua kisanduku kipya cha USB cha kuwekea diski wakati tatizo lilikuwa programu ya picha iliyokuwa ikipekua folda usiku kucha.

Amri mbili zinatosha kuanza:

```
journalctl -u hd-idle --since today
sudo hdparm -C /dev/sdb
```

Ya kwanza inaonyesha logi, yaani kumbukumbu ya yale hd-idle iliyofanya. Ya pili inaiuliza diski yenyewe (`sdb` ni jina la diski ya mfano, weka la yako): `active/idle` maana yake inazunguka, `standby` imesimama. Diski ya SATA (waya wa ndani wa kompyuta) iliyounganishwa moja kwa moja haiamki kwa kuulizwa hivyo. Za USB zinategemea kisanduku. Vingine vinajibu `unknown`, na vingine huiamsha diski kwa swali lolote. Ukiwa na kisanduku cha aina hiyo, tumia sikio na mkono: gusa ganda, sikiliza mtetemo.

## Huduma haianzi

Hii ndiyo rahisi kuliko zote. `systemctl status hd-idle` ikisema `inactive`, kwanza iwashe na uifanye ianze kila mara mashine inapowaka:

```
sudo systemctl enable --now hd-idle
```

Kwenye matoleo ya zamani, faili la `/etc/default/hd-idle` lilikuja na mstari `START_HD_IDLE=false`, na huduma haikuanza hadi mtu aandike `true`. Ukirithi seva ya zamani, tazama hapo. Kama hali ni `failed`, karibu kila mara ni kosa la herufi kwenye mstari wa `HD_IDLE_OPTS`: alama ya kunukuu haikufungwa, au chaguo halipo katika toleo lako. Zipo hd-idle mbili zinazotembea huku nje, ile ya awali iliyoandikwa kwa C na ile mpya iliyoandikwa upya kwa Go, na ile mpya ina chaguo ambazo ya awali haizijui. Endesha `hd-idle -h` usome toleo lako linakubali nini kabla ya kunakili mstari kutoka kwa mtu mwingine.

## Huduma iko hai lakini logi haisemi kwamba diski imesimamishwa

Hapa ndipo wengi walipo. Maana yake ni moja: hd-idle haijawahi kuona ukimya wa kutosha. Hakikisha kwa macho yako:

```
grep -w sdb /proc/diskstats; sleep 300; grep -w sdb /proc/diskstats
```

Linganisha mistari miwili. Nambari zikiwa zilezile, diski ni kimya na tatizo liko kwenye mpangilio wa muda au jina la diski. Zikiwa zimesogea, kuna anayeigusa. Baada ya jina la diski, nambari ya kwanza ni usomaji uliokamilika na ya tano ni uandishi uliokamilika, na tofauti hiyo ni ushahidi mzuri sana. Usomaji ukipanda bila uandishi, kuna kinachopekua mafaili. Uandishi ukipanda bila usomaji, kuna kinachoweka logi, kinachohifadhi tarehe za mafaili, au kerneli inamalizia kazi zake.

Kumjua anayepekua, tumia `fatrace`. Ingia kwenye folda ilipofungwa diski (yaani ilipounganishwa na mfumo, "mount") kisha uiache isikilize:

```
cd /srv/video
sudo fatrace -c -t -s 1800 -o /tmp/nani.log
```

Kwa nusu saa itaandika kila programu iliyogusa faili lolote kwenye diski hiyo, pamoja na saa. Fanya hivi usiku au wakati ofisi imefungwa, la sivyo utapata orodha ya wafanyakazi wenyewe. Majibu ninayokutana nayo zaidi ni haya.

Kiorodheshi cha mafaili, yaani `updatedb` wa amri ya `locate`, hupita diski nzima mara moja kwa siku. Ongeza njia ya diski kwenye `PRUNEPATHS` ndani ya `/etc/updatedb.conf` na hutamsikia tena. Kama seva ina mazingira ya dawati, programu za kutafuta na za kutengeneza vijipicha nazo hupekua. Kwenye seva isiyo na skrini, ushauri wangu ni kuziondoa kabisa.

Seva ya video ya nyumbani huchungulia maktaba kwa ratiba yake. Usiizime, ipangie tu saa: ukaguzi mmoja saa kumi na moja jioni, kabla watu hawajaanza kutazama, unatosha.

Kompyuta za Windows zilizounganishwa kwa Samba (huduma ya kugawana folda mtandaoni) ni mteja mwingine mgumu. Mashine moja iliyoachwa ikiwaka na dirisha la folda ya mtandao wazi inaweza kuisumbua diski usiku kucha. Kwenye `fatrace` utaona `smbd` (yaani Samba) tu, bila kujua ni nani upande wa pili, kwa hiyo endesha `sudo smbstatus` upate jina la mashine. Katika studio za picha hii ndiyo sababu namba moja, na dawa yake ni ya kibinadamu: mhariri afunge programu yake ya picha anapoondoka. Programu hizo hushikilia katalogi wazi, na katalogi ikiwa kwenye diski ya seva, hakuna mpangilio wa Linux utakaoisaidia. Hamishia katalogi kwenye kompyuta ya mhariri, picha zenyewe zibaki kwenye seva.

Halafu kuna kamera za usalama. Kama kinasa video cha duka kinaandika kwenye diski hiyohiyo, basi diski hiyo haitalala kamwe, na haipaswi kulala. Mpe kinasa diski yake.

`fatrace` ikinyamaza ilhali nambari za `diskstats` zinapanda, mhusika ni kerneli yenyewe. Sakinisha `blktrace` uendeshe `sudo btrace /dev/sdb`, au tumia `sudo iotop -oa`, uone majina ya nyuzi za kerneli, yaani kazi zake za chinichini. Jina la kutafuta kwenye diski mpya ni `ext4lazyinit`. Unapofomati diski kubwa kwa ext4 (mfumo wa mafaili wa Linux), `mkfs` humaliza haraka kwa kuacha sehemu ya majedwali bila kuandikwa, na kerneli huyaandika polepole baadaye diski ikishafungwa. Kwenye diski ya terabaiti kadhaa kazi hiyo huchukua muda mrefu, na hd-idle haina la kufanya isipokuwa kungoja. Acha seva ikae imewaka hadi uzi huo upotee. Ukijua mapema kwamba diski itakuwa chini ya hd-idle, fomati kwa kumaliza kila kitu papo hapo:

```
sudo mkfs.ext4 -E lazy_itable_init=0,lazy_journal_init=0 /dev/sdb1
```

Itachukua muda zaidi siku hiyo, na itakuondolea maswali ya siku zinazofuata. Amri hii inafuta kila kitu kilichomo; hakikisha jina la diski kabla ya kubonyeza.

Uzi wa `jbd2` ni jambo tofauti. Huo ndio unaoandika jarida la ext4, na hauamki wenyewe bila sababu. Ukiuona, uliza nani aliandika kabla yake. Mara nyingi hakuna aliyeandika kwa makusudi: mtu amesoma faili, na mfumo umeandika tarehe ya kusomwa. Linux ya sasa hufunga diski kwa `relatime`, ambayo huandika tarehe hiyo ikiwa imepita saa 24 au faili limebadilishwa tangu lisomwe mara ya mwisho. Maana yake, hata faili linalosomwa kutoka kwenye kumbukumbu ya RAM bila kugusa sahani linaweza kuzalisha uandishi. Weka `noatime` kwenye mstari wa diski hiyo ndani ya `/etc/fstab`, orodha ya diski zinazofungwa mashine inapowaka. Kwa diski za kuhifadhi video na picha sijaona sababu ya kutoiweka.

Mambo madogo ya kupita haraka: hakikisha hakuna nafasi ya swap (ya kuisaidia RAM) kwenye diski hiyo (`swapon --show`), hakuna kontena wala hifadhidata inayokaa humo, na logi ya hd-idle yenyewe, kama umeiwasha kwa `-l`, haiandikwi juu ya diski inayotakiwa kulala. Na kama una diski zilizounganishwa kuwa safu moja (RAID) kwa mdadm, Debian hukagua safu nzima usiku wa Jumapili ya kwanza ya mwezi. Ukaguzi huo una faida, uache.

## Logi inasema imesimamishwa, lakini diski bado inazunguka

Sasa uko kwenye swali la tatu. Amri ilitumwa, haikutiiwa. Kwenye diski za USB, mkosaji karibu siku zote ni chipu ndogo ndani ya kisanduku inayotafsiri kati ya USB na SATA. hd-idle kwa kawaida hutuma amri ya kusimama kwa SCSI, mojawapo ya lugha za kuziamuru diski. Chipu nyingi huitafsiri vizuri, baadhi huipokea na kuitupa bila kulalamika. Jaribu kwa mkono njia zote mbili, diski ikiwa haitumiki:

```
sudo sg_start --stop /dev/sdb
sudo hdparm -y /dev/sdb
```

Ya kwanza iko kwenye kifurushi cha `sg3-utils` na hutumia njia ileile ya SCSI. Ya pili hutuma amri ya ATA, lugha ya diski za SATA zenyewe, kupitia katikati ya chipu. Sikiliza baada ya kila moja. Kushuka kwa sauti ya injini hakukosewi. Ikiwa ya pili ndiyo iliyofanikiwa, na unatumia hd-idle mpya ya Go, iambie itumie ATA kwa diski hiyo ndani ya `/etc/default/hd-idle`:

```
HD_IDLE_OPTS="-i 0 -a sdb -i 1200 -c ata"
```

Zingatia mpangilio wa mstari huo. `-i 0` ya mwanzo inasema diski ambazo hazijatajwa zisiguswe kamwe. Kisha `-a` inataja diski, na kila kinachoifuata ni chake hadi `-a` nyingine. Watu hugeuza mpangilio huu, wakaweka muda kabla ya jina, na muda ule ukaenda hata kwa diski wasizozikusudia. Baada ya kubadilisha, `sudo systemctl restart hd-idle`.

Zikishindwa zote mbili, chipu hiyo haitaki. Baadhi ya visanduku vina saa yake ndani, husimamisha diski baada ya muda vilivyopangiwa kiwandani, na hapo hd-idle haihitajiki hata kidogo. Iache diski kimya kwa saa moja uone kama italala yenyewe. Vinginevyo jaribu `sudo hdparm -S 240 /dev/sdb`, inayoiwekea diski yenyewe saa ya dakika 20. Namba za `-S` zina hesabu yake: kuanzia 1 hadi 240 kila moja ni sekunde 5, na kuanzia 241 hadi 251 ni nusu saa kwa kila hatua, kwa hiyo 242 ni saa moja. Hiyo nayo ikikataliwa, ndipo useme kisanduku kibadilishwe.

## Inalala vizuri, kisha inaamka kila nusu saa

Usahihi wa nusu saa unamtaja mwenyewe. `smartd`, huduma inayochunguza afya ya diski kwa SMART (vipimo ambavyo diski hujiwekea yenyewe), huamka kila sekunde 1,800. Fungua `/etc/smartd.conf` utafute mstari unaotumika. Unatakiwa kuwa na `-n standby`:

```
DEVICESCAN -d removable -n standby,q -m root
```

Faili linalokuja na Debian tayari lina neno hilo. Hupotea pale mtu anapoandika mstari wake mwenyewe kwa ajili ya diski ya USB, akaweka `-d sat` na kusahau lingine. Vivyo hivyo kwa skripti yoyote ya kupima joto au kuchora grafu inayoita `smartctl`: iwe `smartctl -n standby -A`, nayo itaondoka bila kuiamsha ikikuta diski imelala.

Kero ya pili hapa ni ngumu kuigundua, na ndiyo iliyonifanya nieleze lango na ua pale mwanzo. Maswali ya SMART hayapiti kama usomaji wa kawaida, hivyo `diskstats` inaweza isisogee. Swali likiiamsha diski, hd-idle haijui. Kwa mujibu wa daftari lake diski bado imelala, kwa hiyo haitumi amri tena, na diski inazunguka hadi mtu aisome kweli na hesabu ianze upya. Dalili yake: logi inaonyesha diski ilisimamishwa saa nne usiku, hakuna kitu baada ya hapo, na asubuhi ganda ni la moto. Toleo la Go lina chaguo `-I` linaloifanya itume amri hata kama inadhani diski imeshalala. Ni msaada, lakini ziba kwanza pengo la ua: tafuta kinachoiuliza diski maswali, ukinyamazishe.

Ikiwa mwamko hauna mpangilio wa saa, rudi kwenye `fatrace`. Na kama unaiangalia seva kwa kuendesha `ls` kila baada ya dakika chache kuona kama imelala, wewe ndiye unayeiamsha.

## Baada ya stima kupotea na kurudi, diski isiyo yake ndiyo inayosimama

Mwezi wa nne na mvua zake, hii hutokea sana kuanzia Kakamega hadi Kisii. Stima inarudi, seva inawaka, diski ya kwanza kuamka inakuwa `sda`, ya pili `sdb`, na safari nyingine mpangilio unageuka. Majina hayo hutolewa kwa kufika, si kwa kumilikiwa. Tumia jina la kudumu:

```
ls -l /dev/disk/by-id/
HD_IDLE_OPTS="-i 0 -a /dev/disk/by-id/usb-JINA_LA_DISKI-0:0 -i 1200 -s 1"
```

Chukua kiungo cha diski nzima, si kile kinachoishia na `-part1`. Kuhusu `-s 1`, ipo kwenye toleo la Go: bila hiyo, hd-idle hutafuta maana ya kiungo mara moja tu inapoanza, na diski ya USB iliyochelewa kuamka huwa haijaonekana bado. Ikiwekwa, huendelea kukitafuta hadi kipatikane.

Na `/etc/fstab` nayo itumie `UUID=` (namba ya utambulisho isiyobadilika), pamoja na `nofail`, ili diski moja kuchelewa kusiizuie mashine nzima kuwaka.

## Kulala ni sawa, kuamka ndiko kwenye balaa

Naomba sehemu hii uisome kwa makini kuliko zote, maana hapa ndipo data hupotea.

Diski inapoanza kuzunguka hutaka nguvu nyingi kwa sekunde chache. Ya inchi 3.5 inaweza kuvuta karibu ampea 2 kwenye volti 12. Ya inchi 2.5 inayokula kupitia kebo ya USB inaweza kufika ampea 1 kwenye volti 5, ilhali kiwango rasmi cha tundu la USB 2 ni milliampea 500 na USB 3 ni 900. Raspberry Pi 4 hugawa ampea 1.2 kwa matundu yake yote ya USB yakijumlishwa. Diski mbili zikiamka pamoja, hesabu haitoshi. Diski zinazozunguka mfululizo haziufichui udhaifu huu. Ni hd-idle inayoufichua, kwa kuzifanya zianze upya mara kwa mara. Kisha lawama huenda kwa programu wakati kosa ni adapta.

Tazama `sudo dmesg -T` mara tu baada ya kuamka. `Under-voltage detected` ni jibu kamili: nunua adapta halisi, na diski ziwe kwenye habu ya USB yenye umeme wake. Ukiona `reset SuperSpeed USB device` tena na tena bila onyo la volti, shuku kebo kwanza, kisha UAS, njia ya kasi ya kuhamisha data kwa USB ambayo baadhi ya chipu haziiwezi. Soma namba ya kisanduku kwa `lsusb`, mfano `152d:0578`, uizimie UAS kwa kuongeza `usb-storage.quirks=152d:0578:u` kwenye mstari wa kuanzisha kerneli. Uhamishaji utapungua kasi kidogo, lakini diski itatulia.

Ikiwa kila mara baada ya kulala unapata makosa ya kusoma, na mfumo wa mafaili unageuka kuwa wa kusoma tu, huenda diski iliyosimamishwa kwa amri ya SCSI inangoja amri ya wazi ya kuanza ambayo kerneli haitumi. Angalia:

```
cat /sys/class/scsi_disk/*/allow_restart
```

Penye 0, weka 1 kwa diski husika:

```
echo 1 | sudo tee /sys/class/scsi_disk/6:0:0:0/allow_restart
```

Namba hiyo ya `6:0:0:0` ni mfano. Yako utaipata kwenye `ls /sys/class/scsi_disk/`. Ikifanya kazi, iandikie kanuni ya udev (sehemu ya Linux inayoshughulikia vifaa vinapounganishwa) ili irudi kila mashine inapowaka.

Hadi umethibitisha kwamba diski inaamka salama, usiiache hd-idle ikiwa hai kwenye diski yenye nakala pekee ya kitu chochote. Zima huduma, fanya bekapu, kisha rudi ujaribu.

Kuchelewa kwa sekunde kumi hivi mtu anapofungua folda ya kwanza asubuhi si kosa. Waambie watumiaji mapema, la sivyo watazima mashine kwa kudhani imekwama, na hilo ni baya kuliko diski kuzunguka usiku kucha.

## Kila kitu kinafanya kazi, lakini hesabu ya SMART inakimbia

```
sudo smartctl -A /dev/sdb | grep -E 'Start_Stop|Load_Cycle'
```

Andika namba hizo leo, zisome tena baada ya wiki. Diski nyingi za mezani hutajwa na watengenezaji kuwa zinavumilia kuanza na kusimama mara 50,000 hivi. Ukiweka dakika 5 kwenye seva inayoguswa kila baada ya dakika kumi, hiyo ni mara 6 kwa saa, 144 kwa siku, na 50,000 zinaisha kabla ya mwaka kumalizika. Ukiweka dakika 30 na diski ikalala mara tatu au nne kwa siku, hutafika huko katika maisha ya diski. Kwa ofisi na shule mimi huweka sekunde 1,800, kwa maktaba ya video ya nyumbani 1,200, na chini ya 600 siweki.

`Load_Cycle_Count` ikipanda kwa kasi huku `Start_Stop_Count` imetulia, hiyo si hd-idle. Ni diski yenyewe inayoegesha vichwa vyake ili kubana umeme, hasa zile za kompyuta za mkononi. Jaribu `sudo hdparm -B 254 /dev/sdb`; thamani kuanzia 128 hadi 254 haziruhusu diski kujisimamisha, na 254 ndiyo inayoegesha vichwa kwa nadra kuliko zote. Kazi ya kusimamisha ibaki mikononi mwa hd-idle.

Ukitaka kuona mwenendo wa siku nzima bila kukaa hapo, ongeza `-l /var/log/hd-idle.log`. Kila diski inapoamka, mstari mmoja unaandikwa ukieleza ilizunguka sekunde ngapi na ilisimama sekunde ngapi. Zikiwa `running` nyingi ni ndefu kidogo tu kuliko muda uliopanga, na `stopped` ni fupi, ongeza muda mara mbili uangalie tena. Zikiwa `stopped` fupi hata baada ya kuongeza, seva hiyo ina kazi mfululizo, na diski zake ziachwe zizunguke. Wati utazipata kwa kuhamisha mafaili yanayotumika kila siku kwenye SSD ndogo na kuacha diski kubwa kwa ajili ya kumbukumbu za zamani.